Je, Tamaa ya Tumbako Yamnyima Mtu Uhuru Wake?

Watu wengi, mijini na vijijini, wamekwisha kusema: «Leo naacha tumbako.» Wamevunja kiko juu ya jiwe, wamemwaga ugoro njiani, wamewaahidi wake zao na watoto wao. Siku ya kwanza imepita vema. Siku ya pili tamaa imewajia kwa nguvu: usiku usingizi umepotea, mchana hasira imewaka kwa neno dogo. Siku ya tatu wamekwenda kwa jirani kuomba sigara moja tu. Ndipo wakasema neno lililo baya kuliko moshi wenyewe: «Siwezi. Tumbako imenishinda. Mimi ni mtumwa wake.»

Neno hilo lastahili kuchunguzwa. Je, ni kweli? Mtu aliyeazimu kuacha jambo, naye bado analitamani, amekwisha kushindwa? Ahadi yake ni ya uongo kwa sababu tamaa ingali ndani yake? Swali hili si la tumbako peke yake. Ni swali la uhuru wa mwanadamu. Lakini tumbako ni mfano mzuri, maana wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa watu wengi, wakapima na kuhesabu, na majibu waliyoyapata yaweza kumfaa kila mtu aliyekata tamaa juu ya nafsi yake.

1. Tumbako humfungaje mtu?

Katika majani ya tumbako mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu avutapo moshi, nikotini hupita mapafuni na kuingia katika damu, na baada ya sekunde kama 10 hadi 20 imekwisha kufika ubongoni. Huko humpa mtu raha fupi. Raha ikiisha, mwili wadai tena. Mtu avutaye sigara 10 kila siku huvuta sigara 3,650 kwa mwaka. Ndiyo kusema, ameufundisha mwili wake somo moja mara 3,650. Basi si ajabu mwili ukilikumbuka somo hilo.

Wala mwili haujifunzi peke yake. Moyo nao hujifunza kuunganisha mambo. Baada ya chakula, sigara. Palipo na pombe na marafiki, sigara. Siku ya huzuni, kiko. Baada ya miaka michache, harufu ya moshi, au kikombe mezani, au ugomvi wa nyumbani, waweza kuiamsha tamaa hata kabla mtu hajafikiri lolote.

Hasara yake ni kubwa. Huko Uingereza, mwaka 1951, wataalamu Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kufuatia maisha ya madaktari wanaume zaidi ya 34,000. Mwaka 2004 matokeo ya miaka 50 yalitangazwa: wale walioendelea kuvuta walikufa, kwa wastani, kama miaka 10 mapema kuliko wale wasiovuta kamwe. Lakini aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 aliiepuka karibu hasara hiyo yote, na hata aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia kama miaka 3. Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu kwamba tumbako yaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta, ila wakaao katika moshi wa wengine. Mtoto alalaye katika nyumba yenye moshi hakuchagua.

2. Kwa nini kuifukuza tamaa hakutoshi?

Mtu atakaye kuacha tumbako kwa kawaida hujiambia: «Nisiiwaze. Nikiiwaza nitaanguka.» Shauri hili laonekana kuwa la hekima. Lakini lina shimo ndani yake.

Mwaka 1987, huko Marekani, mtaalamu Daniel Wegner na wenzake walitangaza jaribio la namna ya pekee. Waliwaambia watu wasifikiri juu ya dubu mweupe, mnyama mkubwa wa nchi za barafu, kwa muda wa dakika 5. Na kila wazo la dubu lijapo, wapige kengele. Kengele zilipigwa mara nyingi. Tena jambo la ajabu lilifuata: hao watu waliporuhusiwa baadaye kumfikiri dubu, walimfikiri zaidi kuliko watu walioruhusiwa tangu mwanzo. Yule waliyemfukuza mlangoni alirudi kwa dirisha.

Sababu si vigumu kuiona. Atakaye kuhakikisha kwamba hawazi jambo fulani, lazima alikumbuke jambo lenyewe ili alilinde lisije. Mlinzi amtazamaye mwizi usiku kucha, usiku kucha amwona mwizi. Vivyo hivyo yule ajipigaye kila saa kwa kusema «nisiitamani tumbako» hukaa na tumbako kutwa nzima. Na tamaa ikija, huona kwamba ameshindwa. Akiona kwamba ameshindwa, huhuzunika. Akihuzunika, hutafuta cha kumtuliza. Na cha kumtuliza alichokizoea ni sigara. Hivyo vita vyenyewe vyamrudisha kwa adui.

3. Kupokea bila kuridhia

Mtaalamu wa mambo ya nafsi Steven Hayes, wa chuo kikuu cha Nevada katika mji wa Reno huko Marekani, alitunga pamoja na wenzake njia nyingine ya kuwasaidia watu. Kitabu chao cha kuieleza kilitoka mwaka 1999. Kwa Kiswahili njia hiyo yaweza kuitwa tiba ya kupokea na kujifunga. Ni kupokea yale yaliyomo moyoni yasiyofukuzika kwa amri. Na ni kujifunga, kwa matendo, kufuata yale mtu ayaonayo kuwa ya thamani katika maisha yake.

Hapa msomaji awe mwangalifu. Neno «kukubali» lina maana mbili. Mtu hukubali kwamba mvua inanyesha. Tena mtu hukubali kumwuzia mwenziwe shamba. Kukubali kwa kwanza ni kuutazama ukweli bila kuukana. Kukubali kwa pili ni kuridhia, yaani kutoa neno lake. Tiba hii yataka kukubali kwa kwanza tu. Mtu asema: «Naam, tamaa imekuja. Naisikia kooni na kifuani. Ipo.» Hasemi: «Basi nitaitii.»

Mfano wake ni mbwa wa jirani aliyezoea kupewa mfupa jioni. Mwenye nyumba akiazimu kutompa tena, mbwa atakuja jioni ya kwanza, atalia, atakwaruza mlango. Jioni ya pili huenda akalia zaidi. Kumpiga hakuna haja, na kumpa mfupa mmoja «ili anyamaze» ni kumfundisha kulia. Mwenye nyumba aendelee na chakula chake, mbwa akae pale alipo. Siku zikipita bila mfupa, atakuja mara chache. Labda ataonekana tena siku moja baada ya miezi. Hata hivyo ni mbwa yule yule, wala mfupa haupo. Ndivyo ilivyo tamaa ya tumbako. Taabu ya mwili ni kali zaidi katika siku chache za kwanza, kisha hupungua katika muda wa majuma machache; na tamaa moja, isipotiiwa, kwa kawaida hupanda na kushuka kwa dakika chache.

Je, njia hiyo imejaribiwa? Ndiyo. Mwaka 2009 wataalamu Sarah Bowen na Alan Marlatt walitangaza jaribio lao juu ya wanafunzi 123 wavutao sigara. Waliiamsha tamaa yao kwa makusudi. Kundi moja lilifundishwa kuitazama tamaa kama wimbi: lapanda, lafika juu, lashuka, na mtu akaa juu yake bila kupigana nalo. Siku 7 zilizofuata, kundi hilo lilivuta sigara chache kuliko kundi jingine. Lakini walipopimwa kiasi cha tamaa yenyewe, makundi yale mawili hayakutofautiana. Jambo hili lafaa kusomwa mara mbili. Tamaa ilikuwa sawa. Matendo hayakuwa sawa. Basi kati ya tamaa na tendo pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo mtu akaamo.

Mwaka 2020 Jonathan Bricker na wenzake, wa nyumba ya uchunguzi wa kansa iitwayo Fred Hutchinson katika mji wa Seattle, walitangaza jaribio kubwa zaidi juu ya watu 2,415. Wengine walipewa programu ya simu yenye mafundisho ya kupokea tamaa. Wengine programu yenye mafundisho ya kawaida, ambayo hukaza kuiepa. Baada ya miezi 12, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza, watu 28 walisema hawakuvuta kwa siku 30 zilizopita. Katika kundi la pili, watu 21. Wala ukweli mwingine usifichwe: 72 kati ya 100 walikuwa hawajaacha, na majaribio mengine ya tiba hii hayakuonyesha tofauti yoyote. Hii si dawa ya miujiza. Lakini yatosha kuonyesha kwamba si lazima tamaa ife kwanza ndipo mtu aache.

4. Neno la mwalimu wa kale

Jambo hili si geni kwa wale wafundishwao maadili. Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, alipoeleza Mafundisho ya Mlimani alipambanua hatua tatu. Kwanza, kishawishi chaja. Pili, moyo waonja utamu wake. Tatu, mtu aridhia. Kosa hukamilika katika kuridhia. Naye hakusema hayo kama mtu asiyejua taabu: katika kitabu chake cha Maungamo asimulia jinsi mazoea ya zamani yalivyomshika hata baada ya yeye mwenyewe kutaka kuyaacha. Tumbako haikuwako Afrika siku zake, kwa kuwa ilitoka Amerika karne nyingi baadaye. Lakini swali lilikuwa hili hili.

Basi mkatekumeni aliyeahidi kuacha pombe ya kulewa, au ugomvi, au tumbako, naye ajikuta bado anatamani, asiseme: «Ahadi yangu ilikuwa uongo.» Ahadi ilikuwa ya mambo atakayoyatenda. Hakuna awezaye kuahidi kwamba koo lake halitakauka.

5. Je, hili si kujipatia udhuru?

Mtu mwingine atapinga: «Mkiwaambia watu kwamba tamaa si kosa lao, watalegea. Kila mmoja atasema: Si mimi, ni nikotini.»

Upinzani huu ni wa haki, nao wastahili jibu. Kwanza, ni kweli kwamba tamaa ya leo ilijengwa na matendo ya jana, na mtu aliyevuta miaka 20 hawezi kusema hana sehemu yoyote katika taabu yake. Lakini deni la jana halilipwi kwa kujilaumu. Lalipwa kwa uvumilivu wa leo. Pili, fundisho hili halimwondolei mtu mzigo. Lauhamisha na kuuweka mahali anapoweza kuubeba. Aliyeagizwa kutotamani ameagizwa jambo lisilo mkononi mwake, naye akishindwa ana udhuru. Aliyeagizwa kutouinua mkono wake kwenda kwenye pakiti hana udhuru kama huo, kwa kuwa mkono ni wake. Tatu, kuipokea tamaa ijapo si kuitafuta. Atembeaye na sigara mfukoni «ili ajipime» hapokei kishawishi, anakiita.

6. Mtu afanye nini tamaa ijapo?

Afikiriwe mvuvi mmoja wa ziwa Tanganyika, avuaye dagaa usiku kwa taa. Miaka mingi amevuta tumbako mtumbwini ili kufukuza usingizi na baridi. Sasa ameazimu kuacha. Usiku wa manane tamaa yamjia. Afanyeje?

Kwanza, aitaje kwa jina lake: «Hii ni tamaa ya tumbako.» Tena asiseme: «Lazima nivute», bali: «Nina wazo liniambialo kwamba lazima nivute.» Maneno yakaribiana, lakini tofauti ni kubwa. Katika lile la kwanza wazo limekuwa bwana. Katika hili la pili ni sauti tu, na mtu ni yule aisikiaye.

Pili, atazame mwilini mwake tamaa ilipo: kinywani, kifuani, vidoleni. Asiikaze wala asiikimbie. Ajua mawimbi ya ziwa: mpiga kasia mwenye akili hapigi wimbi kwa kasia lake, huushika mtumbwi sawasawa mpaka wimbi lipite chini yake.

Tatu, akumbuke ni kwa ajili ya nini aliazimu. Sababu iwe yake mwenyewe, si ya kuazima. Labda ni kikohozi cha binti yake alalaye katika chumba chenye moshi. Labda ni fedha za sigara, ambazo zingemnunulia binti huyo madaftari. Asiyejua anakwenda wapi, wimbi dogo lamgeuza.

Nne, mkono wake ufanye kazi nyingine iliyo mbele yake: avute wavu, anywe maji, apige kasia. Si ili amdanganye moyo, bali kwa sababu kazi ile ndiyo aliyoichagua.

Na mwenziwe mtumbwini akimnyoshea sigara, hahitaji kujidai shujaa. Aseme kwa kweli: «Asante, ndugu yangu. Tamaa ninayo, lakini leo sivuti.» Katika neno hilo fupi hakuna uongo wowote: hakuikana tamaa, wala hakuitii.

Palipo na zahanati, amwulize pia mwuguzi. Viko vibandiko na ubani wa kutafuna wenye nikotini kidogo, visaidiavyo mwili kuzoea polepole. Shirika la Afya Ulimwenguni liliviweka katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2009. Kutumia dawa si udhaifu wa nia. Atakaye kuvuka mto mpana hakatazwi mtumbwi.

7. Na akianguka?

Wengi huanguka, hata mara nyingi, kabla ya kuacha kabisa. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, nayo si ile sigara moja. Hatari ni shauri linaloifuata: «Nimekwisha kuanguka, basi na pakiti yote iende.» Mpanda ngazi akiteleza kipago kimoja hajirushi mpaka chini. Wazo la kukata tamaa nalo ni wazo tu, kama lile la kuvuta. Lapokewa vivyo hivyo: «Nina wazo liniambialo kwamba mimi ni mtumwa.» Kisha achunguze pasipo kujitukana: aliteleza wapi, pamoja na nani, saa ngapi? Naye aanze tena siku ile ile, asingoje mwezi mpya.

Mkewe na jamaa zake nao wana wajibu. Wasimcheke wala kusema: «Tulijua.» Mtu aliyeitwa mtumwa kila siku na watu wa nyumbani mwake mwishowe husadiki.

Maswali na majibu ya kukumbuka

Swali: Tamaa ijayo bila kuitwa ni kosa?
Jibu: Hapana. Kosa huwa katika kuiridhia, si katika kuisikia.

Swali: Yafaa kungoja tamaa iishe ndipo kuacha tumbako?
Jibu: Haifai. Tamaa hupungua kwa sababu mtu ameacha kuitii. Haishi kwanza ili aache.

Swali: Kupokea tamaa ni nini?
Jibu: Ni kuiona, kuitaja na kuivumilia ipite, bila kupigana nayo na bila kuitii.

Swali: Aliyeanguka afanye nini?
Jibu: Atafute mahali alipoteleza, aanze tena siku ile ile.

Swali: Mtu atajuaje kwamba yu huru?
Jibu: Si kwa kukosa tamaa. Yu huru kila mara tamaa ijapo, na mkono wake ukabaki kwenye kasia.